Anayekutuma ndiye mwenye shida

Swali limetoka kwa msomaji wa Newala. Nalifupisha:

"Kaka, shikamoo. Naandika hadithi ya kubuni yenye majini na uganga, katika mji wa pwani wa zamani ambao haupo duniani. Mhusika wangu, Somoe, ni binti wa rubani, naye anajua kupitisha vyombo kati ya miamba. Mwinyi wa mji anamwita amtume kisiwani kwa jini, akarudishe siwa, yaani baragumu ya ukoo, iliyoibwa. Pale wanapoongea malipo ndipo ninapokwama. Nikimfanya Somoe mnyenyekevu, anakuwa kama kijakazi. Nikimpa ujasiri, anamtukana Mwinyi, Mwinyi anacheka, anasema amependa ujasiri wake, kisha anatoa kila alichoombwa. Rafiki zangu wawili wameisoma, wote wanasema hawaamini. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki zako wamekutendea wema, kwa sababu kile kicheko cha Mwinyi ndicho kinachoiangusha sura nzima. Hadithi za namna hii nimeziandika na kuwahariria wenzangu hapa Mikindani kwa miaka mingi, na kicheko hicho nakutana nacho kila mara. Mwandishi hajui amtoeje mhusika wake kwenye matusi aliyoyatamka, basi anamfanya mkubwa awe mtu mwema ghafla. Mtu mwenye kiburi akitukanwa mbele ya watu wake hana nafasi ya kucheka. Hata kama moyoni amempenda yule binti, wazee wamekaa pale mkekani wanamtazama. Asipomwadhibu, kesho mwingine atajaribu. Ukimtukanisha Mwinyi barazani umemfungia mlango wa kutoa, hata kama alikuwa anataka kutoa.

Kabla hujaandika neno hata moja la mazungumzo, jiulize swali moja na ulijibu kwa maandishi pembeni: kwa nini amemwita Somoe? Mwinyi ana askari, ana majahazi, ana waganga, ana watu wanaokula kwake kila siku. Kama kazi ingewezekana kwa mmoja wao, Somoe asingeitwa. Inawezekana wawili walishatumwa na hawakurudi. Inawezekana njia ya miamba ile aliijua marehemu baba yake peke yake. Na inawezekana Mwinyi hataki watu wake wajue kwamba siwa haipo, kwa hiyo amechagua mtu wa nje ya nyumba. Jibu lolote utakalochagua ndilo nguvu ya Somoe, na majivuno yote ya Mwinyi yatakuwa kifuniko cha jibu hilo. Wanaocheza michezo ya kompyuta wanamfahamu yule mtu anayesimama langoni na kumpa kila mpita njia kazi ileile kwa malipo yaleyale. Kwake hakuna maafikiano, kwa sababu hana shida na mtu yeyote. Mwinyi wako ana shida, na shida yenyewe ni ya aibu.

Umebahatika kuchagua siwa, sijui kama uliwaza mbali au ilikujia tu. Siwa ni baragumu kubwa ya utawala wa waungwana wa pwani. Ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Lamu hadi leo. Ilipulizwa kwenye kutawazwa na kwenye arusi na misiba ya wakubwa. Sasa fikiria: Mwinyi asiye na siwa atamtawazaje mwanawe? Atamwozaje bintiye? Katika rasimu uliyonitumia umeandika kwamba Mwinyi "alikasirika kwa kuibiwa". Hasira ni ndogo mno hapo. Mtu huyu halali usiku, na kila mgeni akiingia, yeye anaogopa ataulizwa siwa iko wapi.

Jambo la pili ni saa. Nenda Feri hapa Mtwara asubuhi vyombo vinapofika, ukae pembeni utazame. Nilikuwa hapo juzi. Mama mmoja wa samaki wa kukaanga alikuja kwenye ndoo ya changu, akainua shavu la samaki mmoja kwa kidole, akatazama wekundu wake, akamrudisha. Kijana akataja bei. Mama hakujibu. Akafungua kanga ya kiunoni, akaifunga upya taratibu, akasogea kwenye ndoo ya jirani, huko pia akainua shavu moja. Jua lilikuwa limeshapanda. Kijana akaita bei nyingine mwenyewe, bila kuombwa. Yule mama alimwachia jua limsemee.

Wewe wa Newala unajua kinyume chake. Korosho ikikaushwa vizuri inakaa ghalani. Bei za wanunuzi zikisomwa mnadani, wakulima wana uwezo wa kusema hatuuzi, na mwezi Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walisema hivyo kweli. Mwezi uliofuata serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sisemi mambo yale yalikuwa mepesi. Ninachotaka ukione ni kwamba neno "hapana" lina uzito kwa mtu ambaye mali yake haiozi leo. Basi amua: katika baraza lile, nani ana changu na nani ana korosho? Kama mama yake Somoe anaumwa na dawa inatakiwa usiku huuhuu, Somoe ndiye mwenye changu, na Mwinyi akijua hilo atafunga kanga yake taratibu sana. Lakini ukiweka kwamba kutawazwa kwa mtoto wa Mwinyi ni mwezi ukiandama, jua limehamia kwake. Kwa maoni yangu sura tamu kuliko zote ni ile ambayo kila mmoja ana ndoo yake ya samaki chini ya kiti, na kila mmoja anajitahidi mwenzake asisikie harufu.

Sasa tuje kwenye namna ya kuomba. Hapo nakutoa Newala nakupeleka Kilwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta sultani aliyeitwa kwa sifa Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa, kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alipotoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani, akaomba apewe nguo alizozivaa sultani mwilini. Sultani akasema atampa. Fakiri akasema: saa hii. Sultani akakubali, akarudi kwenye nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, zile akampa. Watu wakamshukuru na kumsifu sana sultani. Mwanawe akazirudisha zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi badala yake, na sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Sultani huyo hakuwa na kiburi, Ibn Battuta anamsifu kwa unyenyekevu. Lakini tazama fakiri alivyopanga mambo. Alichagua Ijumaa, mbele ya umati, akaomba kitu ambacho kutoa kwake ni sifa na kunyima kwake ni aibu. Na sifa ilipopatikana, yenyewe ndiyo iliyoongeza malipo. Mwinyi wako anazijali sifa kuliko reale. Basi Somoe aombe kitu ambacho Mwinyi akikitoa mji utamsifu, na asikiite malipo.

Sultani yule alipofariki alifuatiwa na nduguye Daudi. Mtu akija kuomba, Daudi alimwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi ndipo wakapewa kidogo, hadi watu wakaacha kumwendea. Mtoe Daudi huyo moja kwa moja umtie kwenye hadithi yako ukihitaji bwana wa aina ya pili, asiyefoka wala kutukana, anayekuacha ukae tu mpaka uchoke. Huyo ni mgumu kuliko mwenye kufoka, na sijaona waandishi wetu wakimtumia vya kutosha.

Uliniuliza pia, chini ya barua yako, kama Somoe anaweza kukataa kupiga magoti bila kutukana. Anaweza, na mfano uko nyumbani kwako, juu ya uwanda wa Makonde. Mwaka 1890 Machemba, mkuu wa Wayao, alimwandikia Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, barua kwa Kiswahili. Maana yake ilikuwa hivi: maneno yako nimeyasikia, ila sioni sababu ya kukutii. Kama unataka urafiki, niko tayari leo na siku zote. Kuwa raia wako siwezi. Sitaanguka miguuni pako, kwa kuwa wewe ni kiumbe wa Mungu kama mimi. Isome tena taratibu. Hakuna tusi hata moja. Kila anapofunga mlango mmoja ameacha mwingine wazi, na hamvunjii mwenzake cheo. Anasema wewe ni sultani kwako na mimi ni sultani kwangu. Pia usisahau kilichofuata, kwamba Wajerumani walikuja kwa vita, na mwishowe Machemba akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Heshima ya namna hiyo ina gharama, na hadithi yako ikionyesha gharama hiyo msomaji ataamini.

Sasa nakuandikia sura yenyewe jinsi ningeifanya mimi. Chukua unachotaka.

Somoe akapiga hodi ya tatu. Alisikia kahawa ikimiminwa ndani, na hakuna aliyesema karibu. Akainama kuvaa makubadhi yake.

"Binti, unakwenda wapi?" Mzee mmoja alitokeza kichwa. "Si umeitwa na Mwinyi?"

"Nimebisha mara tatu, babu. Nikadhani Mwinyi ana wageni."

Akaingizwa. "Nakushika miguu, Mwinyi."

Mwinyi alikuwa akitazama kikombe chake. Hakusema marahaba. Akamwambia mzee, "Muulize kama anakijua kile kisiwa."

"Nakijua, babu," Somoe akamjibu mzee vilevile. "Marehemu baba alikifikia mara mbili. Mara ya pili usukani nilishika mimi."

"Mwambie kuna kijipembe chetu huko. Akilete. Atapewa reale kumi."

Somoe akakaa kimya kidogo. "Babu, nisaidie kumwambia Mwinyi kwamba safari ile kwa kijipembe ni hasara. Fundi yeyote wa mjini atamchongea kingine kwa reale mbili, na hakuna mtu atakayekufa. Nisingependa kumpotezea Mwinyi mali yake."

Kijana wa kahawa akasimama na dele mkononi. Kwa mara ya kwanza Mwinyi akainua macho.

"Tokeni," akasema. "Nyote."

Walipobaki wawili alikaa muda mrefu bila kusema, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

"Sijui kitu, Mwinyi. Nimesikia habari za kijipembe."

"Unataka nini?"

"Jahazi la marehemu baba lipo bandarini kwako, rehani ya deni. Sitaki reale. Naomba wazee wakirudi wakusikie ukisema kwamba umemsamehe marehemu deni lake, kwa kuwa alikuwa rubani wa nyumba hii. Mji mzima utasikia kabla ya magharibi. Mimi nitakuwa nimeshatweka."

Tazama mambo matatu au manne hapo. Kwa desturi yetu, hodi ya tatu isipojibiwa mgeni anaondoka, na Somoe ameifuata desturi, hakususa. Lakini kwa kuinama tu kuvaa viatu, amewafanya wao ndio wa kumwita. Mwinyi ameiacha shikamoo yake ikining'inia, nasi tumeshajua yeye ni mtu gani bila wewe kuandika neno "kiburi" hata mara moja. Naomba ulifute hilo neno kwenye rasimu yako, limo mara tisa. Kisha Mwinyi anaongea kupitia mzee ili kumdharau Somoe, na Somoe anaigeuza dharau hiyo kuwa ngao. Kila neno kali analielekeza kwa "babu", kwa upole, kama mtu anayetuma salamu. Ndiyo kazi ya mshenga. Neno zito likipita kwa mtu wa tatu linafika bila kuchoma, na mwenye kulipokea anaweza kujifanya hakulisikia.

Lile la kijipembe ndilo kiini. Somoe hajamwambia Mwinyi kwamba anadanganya. Amekubali uongo wake jinsi ulivyo, akauhesabu bei, na hesabu ikamwonyesha Mwinyi mwenyewe kwamba uongo huo hautamletea siwa. Kwa hiyo anawatoa wazee. Usilipite tukio hilo haraka. Mbele ya watu alikuwa hawezi kupanda hata reale moja, walipotoka anauliza "unataka nini?", na wanaporudi anasamehe deni kwa sauti ya mtu mkarimu. Hakuna shahidi aliyemwona akishindwa. Pia Somoe hatishii kusema siri. Akitishia mara moja tu, Mwinyi atakuwa na sababu ya kumuua ambayo hata msomaji ataikubali.

Bado sababu hiyo ipo, hata bila kitisho. Mwinyi akishapata siwa, Somoe anabaki kuwa mtu pekee nje ya nyumba ile anayejua kwamba iliwahi kupotea. Rasimu yako inafika hapo inasema "Mwinyi akatimiza ahadi", na hadithi inaendelea. Mimi siamini angetimiza kirahisi hivyo, na simulizi ya kale ya Kilwa inaniunga mkono. Inaeleza kwamba Ali bin Hasani alipofika na merikebu yake alitaka kununua kisiwa, na mtawala wake akataja bei: nguo za kukizunguka kisiwa chote. Mkalimani alikuwa Mwislamu aliyekuwa akiishi palepale. Nguo zikatandazwa, mtawala akazikusanya, akahamia bara. Lakini alikusudia kurudi, amuue Ali, akichukue tena kisiwa. Wakati ule maji yakipwa watu walivuka kwa miguu. Yule mkalimani akamwonya Ali, wakachimba mkondo. Mtawala alipokuja na watu wake akakaa ng'ambo kungoja maji yapwe kama alivyozoea, yasipwe, akakata tamaa akarudi. Leo ukitaka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani unapanda chombo.

Somoe ni rubani, mkondo wake anao tayari. Asiilete siwa barazani. Aifiche kwenye pango la mwamba ambalo mlango wake unaonekana siku mbili tatu tu za bamvua, maji yanapokauka kabisa, na maji yakiwa mafu hakuna anayeweza kulifikia. Kisha aingie mjini mikono mitupu, adai kwanza jahazi lishushwe majini mbele ya watu na liwe na tanga lake na nanga yake. Akishakaa kwenye usukani, ndipo amwambie yule mzee wa barazani jina la mwamba. Bamvua iwe bado siku nne, ili Mwinyi awe na siku nne za kungoja, na Somoe awe na siku nne za upepo wa kusi.

Andika upya kuanzia hodi, kisha unitumie hiyo sura pamoja na ile ya jini. Kwa jini usibadilishe kitu kwanza, niache niione ilivyo.